Ushauri Niliompa Magige Koridoni

Wiki iliyopita mjukuu wangu Neema alinijia hapa Buhare na kilo mbili za sukari. Nikajua kuna shida. Neema ana gari dogo jekundu na mguu mzito, na kwa umri wangu sukari haiji bure. Alipomaliza kunisifia kwamba sizeeki, akauliza alichokuja kuuliza.

"Bibi, wewe si ulikuwaga mahakamani? Hizi faini za trafiki, mtu akikaa kimya tu, huwa zinakufaga zenyewe?"

Nikamwambia akalipe kwanza, halafu arudi nimsimulie. Hajarudi mpaka leo. Basi nawasimulia nyinyi wengine, hasa mnaoanza kazi ya ukarani, mliopewa viti vinavyozunguka na kompyuta ya kuwakumbusha tarehe. Sisi tarehe tulikumbushwa na Mzee Mugeta, na yeye hakuwa na kitufe cha kuzimia.

Niseme mapema: sheria za leo sizijui. Za leo muulizeni mwanasheria, naye atawajibu kwamba inategemea. Ninazozijua ni za wakati wetu, na hata hizo kuna kipindi nilizijua nusu. Nusu hiyo ndiyo iliyomtia mtu ndani.

Niliingia masjala ya mahakama moja pale Musoma mjini nikiwa na miaka ishirini na moja, cheti cha kupiga chapa, na kiburi cha kuwatosha makarani watatu. Nchi ilikuwa bado changa, nami vilevile, na sote wawili tulijiona tumekwisha kujua. Karani mkuu alikuwa Mzee Mugeta, mtu wa Ikizu, aliyeanza kazi enzi za Mwingereza. Alivaa shati la mikono mirefu hata jua liwake vipi, na majalada aliyashona mwenyewe kwa sindano ya gunia na uzi wa katani. Jalada alilolishona Mzee Mugeta, ungeweza kulifungia ng'ombe.

Somo lake la kwanza lilikuwa muhuri. Muhuri wa mapokezi ulikuwa na vigurudumu vya siku, mwezi na mwaka. Kila asubuhi kabla ya chai, unazungusha kigurudumu cha siku kwa ncha ya pini. Ukisahau, jana inaendelea, na hakuna wakili duniani atakayekusamehe.

"Dada Nyamisi," aliniambia, "karatasi ikiingia mlangoni bado ni karatasi tu. Ukiigonga muhuri, inakuwa kesi. Kwa hiyo soma kwanza, ndipo ugonge."

"Ndiyo, mzee," nikasema. Nilikuwa hodari sana wa kusema ndiyo mzee. Kusoma sikusoma.

Sasa lazima mjue habari ya Jumapili. Miaka ile mafuta yalikuwa adimu, na serikali iliamuru magari ya watu binafsi yasitembee Jumapili kuanzia saa nane mchana, isipokuwa kwa kibali. Nyinyi mnaolalamika foleni, mngeiona barabara ya kutoka Bunda kuja Musoma Jumapili jioni mngedhani watu wamehama. Mbuzi walilala katikati ya lami. Waliobaki barabarani ni miguu, baiskeli na Koplo Wambura.

Koplo Wambura alikuwa askari wa trafiki, mnyoofu kama rula, na alisimama hapa hapa Buhare mlango wa mji akisubiri wenye haraka. Jumapili moja, saa tisa na nusu, akamsimamisha meneja wa ghala la pamba la Bunda. Jina silitaji, wajukuu zake ni watu wazuri na hawana kosa. Ndani ya gari mlikuwa na kreti mbili za bia na mama mmoja mwenye wigi, ambaye Bwana Meneja alimtambulisha kuwa ni mtaalamu wa mbegu. Kibali hakuwa nacho. Sababu ya safari alisema ni kujenga taifa.

Wambura akamwandikia. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kama wa mwaliko wa harusi.

Lakini ili mtu ashtakiwe, karatasi ya koplo ilipaswa kupita kwenye meza fulani, ambazo pia sizitaji, ipate saini, iandikiwe hati ya mashtaka, ndipo ije kwetu. Karatasi ya Bwana Meneja ilikuwa na bahati mbaya sana kiafya. Mara mwenye saini anaumwa. Mara yuko likizo. Mara yuko semina ya uongozi bora. Ilipofika dirishani kwetu, ilikuwa na miezi kumi na mitatu.

Mzee Mugeta aliisoma, akahesabu miezi kwa vidole, akairudisha kwa Koplo Wambura bila kuigonga.

"Hii imekufa, koplo."

"Imekufaje, mzee? Mtu nilimkamata na macho yangu."

"Macho yako yako sawa. Makosa madogo kama haya, sheria inatoa miezi kumi na miwili hati ya mashtaka iwe imefika mahakamani. Ikipita hapo, mahakama haina mkono wa kuipokea."

Koplo Wambura aliitazama karatasi yake kama mtu anayetazama mbuzi aliyekufa njiani kuelekea mnadani. Akaikunja mara mbili, akavaa kofia.

"Basi mimi niendelee kuandika," akasema, akatoka.

Mzee Mugeta akaanza kunieleza. "Sasa sikiliza, Nyamisi, kuna sehemu watu wanakosea hapa..." Lakini muuza mandazi alikuwa amefika, na mandazi ya moto hayana ukomo wa muda wa miezi kumi na miwili. Nikatoka. Niliondoka na nusu ya somo: mwaka ukipita, kesi inakufa. Nikajiona mwanasheria.

Miezi michache baadaye, Jumanne asubuhi, akaja Magige.

Magige alikuwa mume wa Nyabise, rafiki yangu tuliyesoma naye, waliokuwa wakiishi Butiama. Alikuwa dereva wa Land Rover kuukuu ya mwalimu mmoja mstaafu, na kusema kweli hakuwa dereva tu, alikuwa mganga wa lile gari. Likikataa kupanda mlima, aliongea nalo. Nilimkuta koridoni amesimama na kofia mkononi.

"Shemeji, nimeandikiwa," akasema.

Juzi yake, Jumapili, mzee mmoja jirani yao alikwamwa na mwiba wa ningu kooni. Wanaoijua ningu wanajua: ni samaki mtamu mwenye miiba mingi kuliko nyama. Mzee akageuka rangi, mate yakawa damu. Ilikuwa saa tisa. Kutafuta kibali Jumapili saa tisa ni kama kutafuta theluji. Magige akampakia, akaja mbio hospitali ya Musoma. Akasimamishwa Buhare.

"Nikamwambia koplo, mzee anakufa. Akaangalia ndani ya gari, akaona kweli. Akasema, nenda, lakini jina lako nimeliandika, sheria ni sheria, utaitwa mahakamani. Nikaenda. Daktari akautoa ule mwiba, na cheti akanipa, hiki hapa." Akagusa mfuko wa shati. "Shemeji, unanishaurije? Nyabise ana mimba ya miezi saba. Leseni wakiifuta, tutakula nini?"

Vijana, mtu yeyote mwenye akili angemwambia: kashike foleni, wakikuita njoo na cheti chako. Mimi nilikuwa na zaidi ya akili. Nilikuwa na elimu.

Nikamvuta pembeni. "Shemeji, usiwe na wasiwasi. Umeshapewa samansi?"

"Bado."

"Basi hakuna kesi. Makosa haya yana mwaka mmoja tu. Ukikaa mbali mwaka mmoja, inakufa yenyewe. Nimeona kwa macho yangu, ya mtu mkubwa kabisa."

"Kweli?"

"Mimi ndiye masjala," nikamwambia. Hayo ndiyo maneno yangu, kwa aibu yangu nayarudia kama yalivyokuwa.

"Na hiki cheti?"

"Kiweke tu mfukoni. Hutakihitaji."

Akanishukuru kwa mikono miwili. Nikarudi kwenye meza yangu nimejaa baraka. Juu ya meza kulikuwa na rundo la hati za mashtaka, nusu yake nilikuwa nimekwisha kuigonga asubuhi ile kabla hajaja, ta, ta, ta, kama mtu anayetwanga. Sikuwa nimesoma hata jina moja. Na katika zile nilizokwisha kuzigonga, iliyokuwa ya tatu kutoka juu ilikuwa ya Magige. Karatasi ya Bwana Meneja ilihitaji miezi kumi na mitatu na semina mbili. Ya dereva wa Butiama ilikimbia ikafika kwa siku mbili, maana haikuwa na mtu wa kuichelewesha.

Nilikuwa nimeifanya kesi kwa mkono wangu, halafu nikaenda koridoni kumwambia mwenyewe kwamba haipo.

Magige alikwenda Majita, kwa mjomba wake Bwire, mvuvi wa kijiji cha kandokando ya ziwa. Mambo ya huko alinisimulia mwenyewe miaka mingi baadaye, alipoanza tena kuongea nami.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, mgeni hakuwa anajificha ovyo. Kila nyumba kumi zilikuwa na balozi, na balozi wa kule alikuwa mama mmoja aliyetaka barua ya utambulisho hata kwa kuku. Magige akasema anaitwa Petro na barua imelowana njiani. Mama balozi akamtazama sana, halafu akampa jembe. Alilima shamba la pamba la kijiji siku zilizopangwa, na siku nyingine akaingia mtumbwini na mjomba. Uvuvi haukumkubali. Alishika kasia kama mtu anayekoroga ugali. Wavuvi wakamuuliza kwao ni wapi ambako watu hawajui maji; akajibu kwao ni mbali. Kila Jumapili alitia mbegu moja ya pamba ndani ya kopo. Zikifika hamsini na mbili, anarudi nyumbani.

Nyabise akajifungua bila yeye. Mtoto wa kike, wakamwita Nyangeta. Mimi nilipeleka khanga na sabuni, nikamwambia mama mtoto avumilie, muda unakwenda. Nilijisikia kama nimemfadhili.

Mwezi wa kumi wa kujificha kwake, karani mwenzangu aliyekuwa akiandaa orodha ya mashauri alihamishwa, nikapewa mimi. Nikafungua rejista ya jinai, nikaanza kunakili mashauri ya zamani yaliyobaki wazi. Nikaliona jina. Magige, wa Butiama, kuendesha gari siku iliyokatazwa bila kibali. Mbele yake: samansi imerudi, mshitakiwa hajulikani alipo. Mbele zaidi: hati ya kukamata imetolewa.

Nikachukua lile jalada nikampelekea Mzee Mugeta, nikajifanya nauliza tu.

"Mzee, hii... si itakufa hivi karibuni? Kosa lina miezi kumi."

Akalifungua. Akaweka kidole juu ya muhuri wa mapokezi, na herufi za jina langu pembeni yake.

"Muhuri huu ni wa nani?"

"Wangu, mzee."

"Siku ngapi baada ya kosa?"

"Mbili."

"Basi saa ya sheria ilisimama siku hiyo ya pili. Ile miezi kumi na miwili ni ya mshitaki kuleta hati. Akishaileta, mshitakiwa anaweza kujificha mpaka apate vitukuu, kesi inamngoja na chai. Si nilikueleza siku ile?"

"Nilikuwa nimetoka kidogo, mzee."

"Ah," akasema. "Mandazi." Akavua miwani. "Nani umemwambia?"

Nikamweleza. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Alichukua uzi wake akaendelea kushona, na baada ya mishono kama mitano akasema, "Jumamosi kuna basi la Butiama."

Nyabise nilimkuta uani anapeta mtama, mtoto amemfunga mgongoni. Akafurahi kuniona. Hilo lilikuwa baya zaidi ya yote.

"Nyabise, ile kesi haijafa."

"Bado kidogo, si ndiyo? Imebaki miezi miwili."

"Haitakufa. Haijaugua hata siku moja. Ilikuwa imeshaingia mahakamani siku ile ile niliyoongea naye. Nimegundua juzi. Sasa kuna hati ya kumkamata."

Ungo ukasimama hewani.

"Lakini wewe ulisema."

"Nilisema."

"Ulisema wewe ndiye masjala."

"Ndiyo."

Akaupeta tena ule mtama, taratibu, makapi yakaruka yakanijia usoni, nami sikujifuta. "Mume wangu hajamwona huyu mtoto," akasema. "Nimejifungua na mama mkwe ananiuliza mwanangu umempeleka wapi, nami namwambia kuna ndugu yangu wa mahakamani anajua. Sasa dada wa mahakamani, una nauli ya kwenda Majita kumwambia, ama una mdomo tu?"

Nauli nilikuwa nayo. Kesho yake nikapanda basi mpaka Bunda ili niunganishe. Nilipoteremka stendi, mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa Koplo Wambura, ambaye alikuwa amehamishiwa huko.

"Dada Nyamisi," akasema, "kama umekuja kwa ajili ya yule dereva wa Butiama, umechelewa. Niko naye tangu Ijumaa."

Akanisimulia huku anatazama viatu vyake. Kijiji cha Majita kilikuwa kimepakia pamba yake yote kwenye lori ije kuuzwa, mvua imetanda, na dereva wa lori akaanguka kwa malaria. Wanakijiji wakabaki wamesimama wanaangalia mawingu. Jasho la msimu mzima lilikuwa linakwenda kulowana. Bwire akamtazama mpwa wake, mpwa akatazama ziwa. Mama balozi naye akatazama wote wawili.

"Petro," akasema, "mikono yako si ya kasia. Nimeijua tangu siku ya kwanza. Panda."

Magige akapanda. Akalileta lori mpaka Bunda kabla tone la kwanza halijadondoka. Pale ghalani lango lilikuwa jembamba, madereva wengine walikuwa wanahangaika nalo asubuhi nzima. Yeye akalirudisha nyuma mara moja tu, likaingia kama mkono kwenye mfuko. Wapakuaji wakapiga makofi. Koplo Wambura alikuwa amesimama kivulini.

"Nikajisemea, kugeuza gari namna hii nimeona mara moja tu maishani, Buhare, Land Rover yenye mzee anatema damu. Nikamwita, Magige! Akaitika. Dada, uongo haufundishiki kwa siku moja. Angekuwa mwongo angekaa kimya."

"Na wewe ukamkamata."

"Hati ilikuwepo. Ningefanyaje?" Akavua kofia, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. "Na wakati namfunga pingu, unajua nani alikuwa barazani? Meneja wa ghala. Akawahutubia wapakuaji. Akasema wavunjaji wa sheria za barabarani ndio wanaorudisha nyuma ujamaa."

Nilicheka. Nilicheka pale stendi mpaka wauza machungwa wakanitazama, halafu nikagundua kwamba nalia, na si kwa sababu ya kucheka.

Alikaa mahabusu siku tisa kabla ya kusomewa shitaka. Na msomaji, kwa utaratibu wa kazi, nilikuwa mimi. Karani wa mahakama hukaa mbele ya meza ya hakimu, huita majina, husoma shitaka, hutafsiri panapohitajika. Mzee Mugeta aliniuliza kama nataka ampe mwingine kazi hiyo. Nikasema hapana, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimefikiri kabla ya kusema.

Hakimu wetu alikuwa kijana mwembamba aliyeongea polepole, na alivyopunguza sauti ndivyo watu walivyozidi kuogopa. Nikasoma shitaka. Magige akasimama kizimbani na shati lile lile, limekunjamana. Nyabise alikuwa benchi la nyuma na mtoto.

"Uliendesha gari siku hiyo?" akauliza hakimu.

"Niliendesha, mheshimiwa."

"Bila kibali?"

"Bila, mheshimiwa."

"Na kwa nini miezi kumi hukuonekana? Kosa lenyewe ni dogo. Kukimbia mahakama ndiko kunakompeleka mtu jela. Nani alikutuma ukimbie?"

Magige alinitazama. Macho yake yalikuja kwangu, yakakaa kidogo, yakaondoka.

"Nilijiamulia mwenyewe, mheshimiwa."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nilitakiwa kuandika jibu hilo. Lilikuwa jibu zuri, fupi, na lingenifaa sana mimi. Nikasikia Mzee Mugeta mlangoni anakohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho asubuhi.

Nikasimama.

"Mheshimiwa, amesema uongo."

Hakimu akainamisha kichwa kunitazama juu ya miwani. "Karani, wewe leo ni shahidi ama ni karani?"

"Nilikuwa karani, mheshimiwa, ndiyo maana haya yametokea. Mimi ndiye niliyemwambia ajifiche mwaka upite. Hati yake nilikuwa nimeigonga muhuri asubuhi ile bila kuisoma. Na alikuwa na cheti cha daktari. Mimi nilimwambia akiweke mfukoni."

"Cheti gani?"

Magige akaingiza mkono mfukoni. Kilikuwa kimefungwa ndani ya kipande cha nailoni, kimekunjwa, kimebadilika rangi kwa jasho la shamba na maji ya ziwa, lakini tarehe na saa vilisomeka. Alitembea nacho Majita yote. Hakimu akakisoma, akampa mwendesha mashtaka, naye akakisoma, akamgeukia Koplo Wambura.

"Koplo, uliona mgonjwa?"

"Nilimwona, afande. Mdomo umejaa damu. Niliandika nyuma ya karatasi yangu."

Wakageuza karatasi. Kweli, kwa ule mwandiko wa harusi: *Ana mgonjwa mahututi, nimemruhusu apite.* Miezi kumi hakuna aliyegeuza karatasi.

Hakimu akaweka kalamu chini. "Magige, kama ungekuja siku ya kwanza na hiki cheti, ungetoka hapa kabla ya chai ya saa nne. Umeikimbia kesi uliyokuwa umeshashinda."

Magige alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho amekwisha kununua.

Shitaka likaondolewa. Kwa kutoitikia wito, hakimu akasema siku tisa za mahabusu zinatosha, akampa onyo. Kisha akanigeukia, akasema la kwangu litashughulikiwa ofisini, na kwa sauti ile ya chini akaongeza kwamba mahakama ina hakimu mmoja, na hakai koridoni.

Nilipewa barua kali, nikanyimwa nyongeza ya mshahara mwaka ule, nikapelekwa stoo ya majalada ya zamani na panya wake kwa mwaka mzima. Mzee Mugeta alikuwa akija stoo Ijumaa jioni, anaketi juu ya kasha, ananifundisha sheria ya ukomo wa muda mwanzo mpaka mwisho: saa inaanza lini, inasimama lini, na kwamba faini ambayo mahakama imekwisha kuitamka haiozi hata ukiizika. Sikutoka tena kwenda kununua mandazi. Bwana Meneja yeye hakupelekwa stoo yoyote. Alipandishwa cheo, akahamia mji mkubwa zaidi, na nasikia alizeeka vizuri.

Miaka thelathini niliyofanya kazi baada ya hapo, kila karatasi niliisoma mbele na nyuma kabla ya kuigonga. Watu waliniita mpole wa kazi, maana yake mzembe. Niliwaacha waite.

Lakini siku ile ya hukumu niliwafuata Magige na Nyabise nje, mpaka kwenye kibaraza, sijui nitasema nini. Nyabise alikuwa amemtoa mtoto mgongoni. Nyangeta alikuwa na miezi tisa hivi, anasimama kwa kushika vitu.

"Nyangeta," Nyabise akasema, "huyu ni baba."

Magige akanyoosha mikono. Mtoto akamtazama yule mtu mwenye ndevu na harufu ya mahabusu, mdomo ukaanza kutetemeka, akapiga yowe watu wote wakageuka. Akajirusha upande wa pili, kwa mtu wa kwanza aliyekuwa karibu, na mtu huyo alikuwa Koplo Wambura. Akadaka kifungo cha shaba kwenye sare yake, akanyamaza.

"Mchukue, bwana," Wambura akasema, jasho linamtoka. "Mchukue huyu, ni wako."

"Mwache," Magige akasema. "Usimtishe."

Akaketi kwenye ngazi, hatua tatu mbali naye, akaweka kofia magotini, akangoja. Basi la Butiama lilipiga honi mara ya kwanza, likapiga ya pili. Bado alikuwa ameketi, anamtazama mwanawe akichezea kifungo cha askari.